Kupasuliwa tena mirija ya nyongo: mtoto mchanga ana matumaini gani?

Kila inaposambaa mitandaoni picha ya mtoto mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa, chini yake ombi la mchango wa "upasuaji wa pili wa nyongo", maoni hufuata mkondo uleule. Wapo wanaosema daktari wa kwanza aliharibu kazi. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akirudishwa tu chumba cha upasuaji atapona moja kwa moja. Wengine huwauliza wazazi kwa nini wanaendelea kumtesa mtoto. Wote hao wanakosea, na maneno yao yanawaangukia watu ambao tayari wamelemewa.

Swali lenyewe ni gumu hata kwa madaktari. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa nyongo akiwa na miezi miwili, kisha umanjano ukamrudia, apasuliwe tena palepale, au aanze kuandaliwa kupandikizwa ini? Jibu linategemea jambo moja kuliko mengine yote: upasuaji wa kwanza ulifanya kazi kwa kiasi gani kabla ya kushindwa. Ili hilo lieleweke, inabidi tuanzie kwenye nyongo yenyewe.

Nyongo na njia yake

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Ni majimaji ya kijani-manjano yenye kazi mbili kubwa. Husaidia utumbo kunyonya mafuta pamoja na vitamini A, D, E na K, na hutoa nje ya mwili taka ambazo ini limezishughulikia. Mojawapo ya taka hizo ni bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Nyongo hutoka ndani ya ini kupitia vijirija vidogo vinavyoungana njiani hadi kuwa mrija mmoja unaomwaga kwenye utumbo mdogo. Choo hupata rangi yake ya kawaida kutokana na nyongo hiyo. Nyongo isipofika kwenye utumbo, choo hupauka kikawa cheupe, kijivu au manjano hafifu, na mkojo hukolea rangi kwa sababu bilirubini inatafuta mlango mwingine wa kutokea.

Ugonjwa unaowapeleka watoto wengi kwenye upasuaji huu huitwa atresia ya mirija ya nyongo. Katika wiki za mwanzo za maisha, mirija iliyo nje ya ini huvimba, hugeuka kovu na kuziba kabisa, na mara nyingi ile ya ndani ya ini nayo huanza kuharibika. Ulaya na Amerika Kaskazini hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Asia ya Mashariki ni wengi zaidi, hasa Taiwan. Chanzo chake sayansi haijakipata. Lakini hakitokani na chakula alichokula mama akiwa mjamzito, wala na hasira, wala na dawa ya kienyeji aliyokosa kunywa. Mama anayejilaumu kwa ugonjwa huu anabeba kosa lisilo lake.

Kinachowapoteza watu ni sura ya mtoto. Huzaliwa na uzito mzuri, ananyonya, anacheka, ila macho yamekaa manjano. Watoto wachanga wengi hupata umanjano siku za mwanzo na ukaondoka wenyewe, kwa hiyo familia husubiri, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya huwaambia wasubiri. Ila kuna bilirubini za aina mbili. Moja ni ile ambayo ini bado halijaishughulikia. Ndiyo ya kawaida kwa wachanga, na mwanga maalumu wa hospitalini huipunguza. Nyingine imeshapita kwenye ini ikakosa pa kutokea, na hiyo mtoto anaweza kuanikwa juani mwezi mzima isipungue. Kipimo cha damu hutofautisha hizo mbili, na ndiyo sababu umanjano unaovuka wiki 2 haufai kukisiwa kwa macho.

Muda una uzito mkubwa hapa. Matokeo ya upasuaji wa kwanza huwa bora zaidi mtoto akipasuliwa kabla ya siku 60 za umri, ingawa si kwamba siku ya 61 mlango hufungwa. Taiwan ilianza mwaka 2002 kuwapa wazazi kadi yenye picha za rangi za choo ili wailinganishe na ya mtoto wao nyumbani, na kufikia 2004 kadi hiyo ilikuwa imeenea nchi nzima. Watoto wakaanza kugunduliwa mapema, na matokeo yao yakapanda. Kadi ya karatasi, bila mashine yoyote, iliokoa maini ya watoto.

Upasuaji wa Kasai hauzibui mrija

Hadi katikati ya karne ya 20, watoto walio wengi mno wenye ugonjwa huu hawakuwa na tiba. Mwaka 1955, mjini Sendai nchini Japani, daktari wa upasuaji Morio Kasai aliunganisha utumbo moja kwa moja na ini la mtoto mchanga ambaye mirija yake ilikuwa imezibika yote, na nyongo ikapata njia. Upasuaji huo umebeba jina lake hadi leo. Unavyofanyika sasa, mirija iliyogeuka kovu hukatwa na kuondolewa hadi kwenye mlango wa ini, yaani mahali mirija inapotokea, kisha kipande cha utumbo mdogo chenye urefu wa sentimita 40 hivi huletwa juu na kushonwa hapo.

Wengi wakisikia hivyo hudhani mrija umezibuliwa. Hapana, mrija umeondolewa kabisa. Kinachobaki ni bamba la kovu kwenye mlango wa ini, na ndani ya kovu hilo vijirija vyembamba mno, vingi havionekani bila hadubini, ambavyo bado vinavujisha nyongo. Ni kama chemchemi iliyo chini ya mchanga wa mto uliokauka. Mchimbaji hatengenezi maji. Anaondoa mchanga tu ili maji yaliyopo yapate pa kutokea. Kama maji yapo, kazi yake itaonekana, na kama hayapo, achimbe kwa ustadi wowote ule, shimo litabaki kavu.

Kwa hiyo upasuaji wa Kasai ukishindwa, mara nyingi si mkono wa daktari ulioteleza. Vijirija vilikuwa vimekwisha, au ugonjwa uliendelea kuvila kutoka ndani. Uzoefu wa timu nao una nafasi yake. Ndiyo maana Uingereza iliamua mwaka 1999 kwamba watoto wote wenye ugonjwa huu wapasuliwe katika vituo vitatu tu, London, Birmingham na Leeds, ili wanaofanya kazi hiyo waifanye mara kwa mara. Ila hata kwenye mikono bora duniani, watoto wengi hawapati nyongo ya kutosha.

"Umefaulu" maana yake nini?

Hapa ndipo mazungumzo mengi hupotea njia, kwa sababu neno kufaulu linabeba mambo matatu tofauti.

La kwanza ni nyongo kutiririka. Mtihani wake uko kwenye nepi. Siku baada ya siku mzazi hukunjua nepi akitafuta rangi, na choo cha kijani au kahawia kikitokea baada ya wiki nyingi za weupe, wodi nzima hufurahi. Ila rangi peke yake haitoshi. Nyongo kidogo yaweza kupaka choo rangi huku nyingi ikiendelea kukwama ndani. Kinachoangaliwa ni bilirubini kwenye damu. Utafiti wa vituo vya Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto ambao bilirubini yao ilishuka chini ya miligramu 2 kwa desilita ndani ya miezi 3 ya mwanzo baada ya upasuaji, 86% walifikisha umri wa miaka 2 wakiwa hai na ini lao la kuzaliwa. Kwa wale ambao haikushuka hivyo, walikuwa 20%. Kwa jumla, umanjano huondoka kwa nusu ya watoto au zaidi kidogo.

La pili ni miaka ambayo mtoto anaishi na ini lake la kuzaliwa. Hapo namba hupungua kadiri muda unavyokwenda, kwa sababu makovu ndani ya ini huendelea polepole hata nyongo ikitiririka vizuri. Katika ripoti za Ulaya, baada ya miaka 20 ni takriban mtu 1 kati ya 4 aliyepasuliwa utotoni ambaye bado ana ini lake. Za Japani huwa juu zaidi. Kasai ni tiba ya kununua muda, na kwa wachache muda huo huwa maisha yote.

La tatu ni uhai wenyewe. Mahali ambapo upasuaji wa Kasai na upandikizaji wa ini vyote vinapatikana, karibu watoto 9 kati ya 10 hukua. Ukisikia kwamba upasuaji "umeshindwa", uliza kwanza umeshindwa katika lipi kati ya haya matatu.

Nani anafaa kupasuliwa tena

Chukua watoto wawili. Wa kwanza alipasuliwa, umanjano ukaisha kabisa, akaongezeka uzito, kisha baada ya miezi kadhaa akapata homa kali, choo kikapauka ghafla na macho yakarudi manjano. Wa pili alipasuliwa, lakini choo hakikuwahi kupata rangi ya kueleweka na bilirubini haikushuka hata mara moja. Kwa jirani anayewatazama, wote wana shida ileile. Kwa daktari wa ini ni watoto wawili tofauti kabisa.

Wa kwanza ameonyesha kwamba chemchemi ipo. Vijirija vilikuwa hai na vikifanya kazi, na yaelekea kuna kitu kimeziba juu yake. Mara nyingi chanzo huwa maambukizi. Kwa kuwa utumbo sasa umeungana na ini moja kwa moja, bakteria hupanda, na karibu nusu ya watoto hupata maambukizi ya njia ya nyongo angalau mara moja, hasa katika miaka 2 ya mwanzo. Kila shambulio huacha uvimbe na kovu jipya. Kabla ya kufikiria kisu, mtoto huyu hupewa antibiotiki za mshipa, na baadhi ya vituo huongeza steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwa muda mfupi. Wengi hufunguka kwa dawa tu. Ambaye hafunguki, na ambaye ini lake bado halijawa gumu sana, ndiye anayeweza kufaidika na upasuaji wa pili.

Yupo pia mtoto ambaye tatizo lake liko kwenye utumbo ulioshonwa. Umejikunja, umebanwa na makovu ya tumboni, au umeziba mahali. Hapo ini lenyewe halina kosa, na kurekebisha utumbo huo kunaweza kurudisha nyongo vizuri. Ni kundi dogo, lakini halifai kukosewa, ndiyo maana vipimo vya picha hufanywa kabla ya uamuzi wowote.

Mtoto wa pili, yule ambaye nyongo haikuwahi kutoka, madaktari wengi leo hawamrudishi kwa upasuaji uleule. Huanza mapema kumwandaa kwa ajili ya ini jipya. Uamuzi huo haupaswi kusomwa kama ukatili au kukata tamaa, kwani kuchimba tena pakavu kunamgharimu nguvu na muda ambao atauhitaji.

Zamani haikuwa hivyo. Katika miongo ya mwanzo baada ya Kasai, watoto walipasuliwa mara ya pili, ya tatu, wengine hata zaidi, kwa sababu hapakuwa na kingine. Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Denver, Marekani, kwa mtoto wa miaka 3 mwenye ugonjwa huuhuu, na mtoto alifariki mezani kwa kuvuja damu. Ilichukua miaka mingi, pamoja na dawa bora za kuzuia mwili usikatae kiungo kigeni, hadi upandikizaji ukawa tiba ya kutegemewa. Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama alimpa mwanawe kipande cha ini lake na mtoto akaishi. Ini lina uwezo wa kukua tena, kwa hiyo mzazi akikatwa kipande, kilichobaki hujijaza, na kile alichopewa mtoto hukua naye. Tangu hapo upasuaji wa kurudia ukapungua, na vigezo vya kuufanya vikabanwa.

Kisu cha pili kinakuta nini tumboni

Upasuaji wa kwanza hufanyika kwenye tumbo safi. Wa pili hufungulia palepale kwenye kovu la zamani, na chini yake daktari hukuta matumbo yameng'ang'ania sehemu ya chini ya ini. Huyabandua kidogo kidogo, milimita kwa milimita, kwa sababu akivuta atatoboa utumbo au kupasua mshipa. Akifika kwenye maungio, huutenganisha utumbo na ini, kisha hulikwangua kovu jipya kwenye mlango wa ini. Kuna kina cha kufika. Akikwangua kidogo mno, kovu linabaki, na akizidisha anaingia kwenye ini lenyewe, damu inatoka, na penye jeraha huota kovu lingine. Anachosubiri kuona ni unyevu wa kijani-manjano ukichomoza pale alipokata. Ukitokea, utumbo hushonwa upya.

Hata hivyo kuuona unyevu huo bado si matokeo. Matokeo yatasomwa kwenye bilirubini ya miezi inayofuata, kama mara ya kwanza.

Ripoti zinavyopaswa kusomwa

Ripoti za matokeo ya muda mrefu ya upasuaji wa pili zipo, nyingi kutoka Japani na vituo vichache vya Marekani na Ulaya. Zinakubaliana kwamba watoto waliochaguliwa vizuri, hasa waliowahi kuisha umanjano, wengi hupata nyongo tena, na sehemu yao huishi miaka mingi na ini lao. Ambao nyongo yao haikuwahi kutoka, wachache sana hufaidika.

Ila soma ripoti hizo kwa jicho kali. Kila moja ina watoto wachache, waliokusanywa kwa miaka mingi, na waliochaguliwa kwa sababu walikuwa na dalili nzuri. Ukimlinganisha mtoto wa aina hiyo na mtoto ambaye hakuwahi kupata nyongo, bila shaka atashinda, hata kama upasuaji wa pili haukumsaidia sana. Mzazi anayeona kichwa cha habari kinachosema watoto kadhaa waliopasuliwa tena wako hai na wanasoma shule ana haki ya kupata tumaini. Ana haki pia ya kuambiwa kwamba watoto hao hawakuokotwa kwa bahati nasibu.

Na kuna deni linaloweza kulipwa baadaye. Kila upasuaji huongeza makovu tumboni, na makovu hayo huufanya upandikizaji wa ini, ukifika, kuwa mrefu zaidi, wenye kuvuja damu zaidi na wenye hatari kubwa ya kutoboa utumbo. Ripoti kadhaa zinaonyesha kwamba watoto waliopasuliwa Kasai mara mbili bado huishi vizuri baada ya kupandikizwa, kwa hiyo mlango haujifungi. Lakini mara ya tatu na ya nne ni habari nyingine, na kwa maoni yangu, pale upandikizaji unapopatikana, ni vigumu sana kuitetea. Pale usipopatikana, hesabu hubadilika, kwa kuwa upasuaji wa pili unaweza kuwa ndio nafasi pekee iliyobaki. Sioni haki kumpima daktari wa huko kwa kipimo cha daktari mwenye orodha ya wafadhili wa viungo.

Hatari nyingine ni kuchelewa. Muda wa kupona kisu cha pili na kusubiri kuona kama bilirubini itashuka ni miezi ambayo kwa baadhi ya watoto ini linazidi kusinyaa, misuli inaisha, lishe inadorora. Mtoto aliyedhoofika hupambana vibaya na upasuaji mkubwa. Timu nzuri huweka tangu mwanzo tarehe ya kuamua, kwamba ikifika siku fulani bilirubini haijashuka, mazungumzo ya kupandikiza yanaanza, tena mara nyingi yameanza kabla ya hapo.

Si kila upasuaji wa pili wa nyongo, hata hivyo, ni wa Kasai. Wapo watoto wenye uvimbe wa mrija wa nyongo, ambapo mrija umepanuka ukawa mfuko. Zamani mfuko huo uliunganishwa na utumbo ukaachwa ndani, na miaka mingi baadaye ukaonekana kuleta maambukizi, mawe, na hata saratani. Hao hurudishwa ili mfuko uondolewe, na matarajio yao kwa kawaida ni mazuri zaidi kwa kuwa ini lao mara nyingi ni zima. Kabla ya kulinganisha mtoto wako na wa mwingine, jua kwanza kama ugonjwa ni uleule.

Maisha baada ya hapo

Mtoto aliyepata nyongo, iwe kwa kisu cha kwanza au cha pili, anabaki mgonjwa wa ini anayeishi vizuri. Hupewa vitamini zinazohitaji mafuta, wengi hupewa maziwa yenye mafuta maalumu yanayonyonywa bila nyongo nyingi, na uzito wake hufuatwa kwa karibu. Ini lenye makovu hubana damu inayopita, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula inaweza kutanuka na kupasuka. Akitapika damu au akitoa choo cheusi ni dharura. Chanjo zake zisirukwe, na zile zenye virusi hai zipangwe na daktari mapema, kwa sababu baada ya kupandikizwa mara nyingi haziruhusiwi. Akifika ujana na utu uzima ataendelea kupimwa, pamoja na kuangaliwa saratani ya ini, ambayo ni nadra ila ipo. Wanawake waliokua na ini lao wamebeba mimba na kujifungua salama, chini ya uangalizi wa karibu.

Mzazi anayetafuta ushauri wa pili aende na ripoti ya upasuaji wa kwanza, majibu ya kipande cha ini kilichopimwa, namba zote za bilirubini zikiwa na tarehe, na picha za choo alizopiga kwa simu. Aulize: je, nyongo iliwahi kutoka, na kwa muda gani? Ini limekuwa gumu kiasi gani? Kituo hiki hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka? Usiposaidia, mpango unaofuata ni upi, na utaanza lini? Na kama siku hiyo mtoto ana homa, asisubiri miadi: apelekwe kwanza hospitali iliyo karibu, na daktari atakayempokea aambiwe kwamba aliwahi kupasuliwa mirija ya nyongo.